Noti za Wanaoondoka

Karatasi ilibandikwa Jumatatu asubuhi kwenye mlango wa kopeki ya Dilala. Kufika saa mbili, wamama wa soko la Musonoi walikuwa wameshauzingira mlango. Wengi hawakujua kusoma. Waliojua walisoma polepole kwa sauti, na kila aliyefika alitaka isomwe tena, kama vile safari hii ingesema jambo jingine. Ilisema kwamba kuanzia siku hiyo kila mwenye kitabu atapewa milioni kumi za zaire kwa wiki, basi. Milioni kumi zilikuwa hazinunui hata gunia moja la unga.

Kopeki ndilo jina watu walilouita ushirika wao wa akiba. Ilikuwa nyumba ndogo ya matofali yenye dirisha moja la nondo. Nyuma ya nondo alikaa Séraphin Mwenze, mtunza fedha, mtu mpole wa kaskazini ya Katanga, aliyevaa shati lililopigwa pasi hata wiki ambazo umeme haukuwepo.

Mbele ya dirisha walimsukuma Tshibola. Hakuna aliyemuuliza kama anataka kuwa wa kwanza. Ni yeye, muuza unga, aliyewaleta wamama hawa kopeki mmoja mmoja, wakati benki ya mjini ilikuwa ikiwarudisha mlangoni kwa sababu ya mabeseni yao na vumbi la unga. Mwanzoni hawakutaka kuacha pesa yao kwa karatasi. Tshibola akamwekea Séraphin sharti: kila Jumamosi saa nne sanduku la chuma lifunguliwe, wamama waone. Na kila Jumamosi kwa miaka saba Séraphin alilifungua. Wamama walipita mbele ya dirisha, wakatazama rundo la noti, wakaenda zao wameridhika. Rundo lilikuwa moja. Kila mmoja aliliona lake.

“Uulize,” alisema Ndaya, muuza samaki wakavu, akimsukuma kwa kiwiko. “Ni wewe ulituleta.”

Tshibola alipitisha kitabu chake kati ya nondo. Kilikuwa na milioni mia moja na arobaini. Alisema kwa sauti ndogo kwamba hakuja kuchukua ya wiki. Alikuja kuchukua yote, kwa sababu wiki ijayo hatakuwa Kolwezi.

Séraphin alijua. Kila mtu alijua. Mwezi huo wa tatu, mwaka wa tisini na tatu, Bakasai, watu wenye asili ya Kasai kama Tshibola, walikuwa wakifukuzwa mtaa kwa mtaa, na kituo cha treni kilikuwa kimejaa watu na magodoro.

“Makuta iko, mama,” alisema, kwa maana ya pesa. “Lakini haiko yote hapa. Ingine iko ku benki, ingine iko mu mikono ya bale tulikopesha.”

“Bale mulikopesha, bao banafukuzwa?”

“Hapana, mama.”

“Basi bao banaweza kungoya. Shiye hatuwezi.”

Nyuma yake mtu alicheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. Séraphin alihesabu milioni kumi katika noti ndogo za elfu hamsini, rundo kubwa lililofungwa kwa mipira, akamwomba arudi Jumamosi. Alisema atazungumza na komite. Tshibola alitia rundo kwenye beseni, akalifunika kwa kitambaa. Wamama walimfungulia njia bila kumsemesha.

*

Nyumbani Musonoi, mumewe Kabongo alikuwa ameketi kwenye ngazi ya mlango na koti lake la kazi begani. Alikuwa fundi umeme wa mgodi kwa miaka ishirini na sita. Mshahara ulikuwa haujatoka tangu mwezi wa kumi, na sasa hata kazi yenyewe alikuwa ameambiwa asiirudie.

Vijana walikuwa wamepita asubuhi. Walikuwa sita, na karatasi ya majina ya nyumba. Mmoja wao alikuwa amesoma darasa moja na binti yao Blandine, na aliingia ndani kwa heshima, akavua kofia.

“Alisema nini?” Tshibola aliuliza.

“Alisema, tata, mutoke mpaka siku ya Mungu, Jumapili hii. Kisha ule mwingine nyuma akasema bilulu banajuaka njia ya kwao.”

Bilulu ni wadudu. Neno hilo lilikuwa limeshaandikwa kwa mkaa kwenye ukuta wa jirani, na Tshibola hakuliuliza zaidi.

Kabongo hakuwa amewahi kuiona Kasai. Baba yake ndiye aliyeletwa na wazungu kuchimba shaba. Yeye alizaliwa hapo hapo Musonoi, na Tshibola vilevile, nyumba tatu mbele. Kulikuwa na mjomba mmoja Mwene-Ditu ambaye aliwahi kuandika barua. Wangefikia kwake, wapange chumba, wanunue mahindi, wasage, Tshibola aweke meza sokoni. Kabongo alikuwa ameshapiga hesabu yote kwa kijiti kwenye vumbi, na hesabu yote ilisimama juu ya milioni mia moja na arobaini.

Siku tatu zilizofuata waliuza nyumba yao kipande kwa kipande. Kabati lilikwenda kwa bei ya sabuni. Cherehani ilikwenda kwa mtu ambaye hakushuka hata kwenye baiskeli. Alitaja bei yake na kungoja. Jirani yao Mignonne, aliyekuwa ameshika mguu wa Blandine siku alipojifungua, alikuja jioni ya Jumatano akatazama kitanda.

“Haitaingia mu treni, mama,” alisema.

“Haitaingia.”

“Basi uniachie tu. Kuliko bale bavijana baichukue.”

Tshibola alimwambia walau alete meka mbili za unga, yale makopo ya kupimia sokoni. Mignonne alileta meka moja, na alipokuwa akiburuta godoro kutoka mlangoni alikuwa analia. Tshibola alimshikia upande wa pili mpaka kwake, kwa sababu lilikuwa zito kwa mtu mmoja.

*

Komite ilikutana Alhamisi nyumbani kwa rais wake, Kabamba, mfanyabiashara mwenye malori mawili ya kwenda Fungurume. Mkopo mkubwa kuliko yote ya kopeki ulikuwa wake. Wajumbe wengine wawili walikaa kwenye kochi na kunywa soda.

Séraphin alikuwa ameleta daftari. Wenye vitabu walikuwa elfu mbili na kidogo. Elfu moja na mia moja walikuwa Bakasai, na wote walikuwa wakiondoka mwezi mmoja.

“Shi ulituambiaka badogo habatoke siku moja?” Kabamba alisema.

Ni kweli Séraphin alisema, kwamba wenye akiba ndogo hawatoki siku moja. Alikuwa akilisema kila mwaka kwenye mkutano, na alilisema kwa sababu alikuwa ameliona. Wafanyakazi wakubwa wa kampuni walipokuwa wakiweka pesa, mmoja akitoka nyumba nzima ilitikisika. Wauza unga na wauza samaki waliweka kidogo na kuchukua kidogo, leo huyu, kesho yule, na sanduku halikukauka. Kwa pesa yao kopeki ilikopesha, ikapata faida, ikapaka nyumba rangi. Benki ya mjini iliyowafukuza ilikuwa imebaki na walinzi wanaosinzia. Séraphin hakuwa amefikiria kwamba watu wadogo elfu moja wanaweza kuwa na jina moja kwenye karatasi ya mtu mwingine.

Kabamba alieleza mpango wake bila kupandisha sauti. Benki ya mjini ilikuwa imekubali kuwapa pesa, lakini kwa noti mpya za milioni tano tu. Hata Kolwezi wauza duka walizipokea kwa kukunja uso, wakikata kidogo. Basi wanaoondoka walipwe kwa hizo, yote, mara moja. Noti ndogo zibaki kwa wanaobaki. Daftari litakuwa safi.

“Kule Kasai banazikataa, tata,” Séraphin alisema. “Nilisikia ku radio. Hazinunue hata chumvi.”

“Ni noti ya serikali ao hapana?”

“Ni ya serikali.”

“Basi tumelipa.”

Séraphin alisema kwamba wamama wanapaswa kuambiwa. Wakijua, wataweza kuzitumia hapa hapa kabla ya treni: wanunue sabuni, chumvi, vikwembe vipya vya kitenge, vitu vya kuuza kule.

Kabamba aliweka chupa chini. “Ukibaambia, kesho hakuna mutu anazitaka. Bote bataomba ndogo. Ndogo zikiisha tunafunga mulango. Na bale banabakia, bataomba makuta yao kwa nani? Kwa mi? Ni wewe uko ku dirisha.”

Wajumbe wawili walitazama soda zao. Séraphin alitembea kwenda kwake akitafuta mahali ambapo Kabamba alikuwa amesema uongo, na hakupaona. Kopeki ikifungwa, watu mia tisa waliobaki wangepoteza kila kitu, na mkewe Mado alikuwa mmoja wao. Alipofika nyumbani Mado alimuuliza komite imesema nini. Alijibu kwamba wote watalipwa.

*

Jumamosi saa nne Séraphin alifungua sanduku. Wamama walikuwa wengi hata uwanja wote ulijaa, na mstari ulipita dirishani kama desturi. Sanduku lilikuwa limejaa mpaka ukingoni. Noti zilikuwa mpya, zimefungwa kwa karatasi ya benki, hazijakunjwa hata moja. Sauti ya kupumua ilipita mstarini. Ndaya alipiga alama ya msalaba. Mama mmoja mzee alisema hajawahi kuona makuta safi namna hii, na kwamba mtoto anaweza kuyalalia.

Tshibola alikuja na Kabongo, aliyevaa koti lake la kazi. Séraphin aliwaeleza kama alivyoagizwa. Wanaweza kuchukua milioni kumi nyingine za noti ndogo, na zinazobaki zingoje. Au wachukue zote leo kwa noti mpya.

Kabongo hakuhitaji kufikiri. Noti ndogo zingejaza gunia, na kituoni gunia lisingefika kwenye behewa. Noti mpya zilikuwa ishirini na sita tu. Alizihesabu kwa macho, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu.

“Hizi unaweka hata mu kiatu,” alisema.

Lakini Tshibola alikuwa amesikia jambo sokoni. Halikuwa jambo la uhakika. Mtu alikuwa amelisikia kwa dereva, dereva kwa mwingine. Alisogeza uso karibu na nondo.

“Tata Séraphin. Hii noti, kule Kasai banaipokea?”

Nyuma yake wamama walisogea karibu. Kwenye mlango wa ndani, Kabamba alikuwa amesimama na mikono nyuma.

“Ni noti ya Banque, mama. Iko na sahihi ya gavana.”

“Ile ninaona. Ninauliza kama banaipokea.”

Séraphin alitazama kitabu kilichokuwa mbele yake. Aliona mistari ya miaka saba, kila wiki na kiasi chake, na penye sahihi dole gumba la Tshibola, lile lile, mara zaidi ya mia tatu. Dukani, hatua mia moja kutoka hapo, kulikuwa na sabuni.

“Banapashwa kuipokea,” alisema.

Tshibola alivuta pumzi. Aligeuka kwa wamama, na kwa sauti ambayo hakuwa ameitumia wiki nzima, akawaambia, “Tata Séraphin anasema banaipokea. Muchukue yote. Musiache kitu hapa.”

Séraphin alisikia. Alikuwa bado ameshika kitabu. Alifungua kinywa, na Kabamba akakohoa, na yeye akaita namba iliyofuata.

Kuanzia saa hiyo mstari ulikwenda haraka. Ndaya hakuwepo kwenye orodha ya treni ya kwanza, lakini alichukua zake pia, milioni tisini. Mama mzee alizibusu. Walipokuwa wakitoka, kila mmoja alimshika Tshibola mkono, na mmoja alimwomba msamaha kwa yale aliyoyafikiri Jumatatu.

*

Usiku huo Tshibola alishona noti zote ishirini na sita ndani ya mkunjo wa kikwembe ambacho Blandine alimbebea mtoto wake mgongoni. Mtoto alikuwa Kanku, wa mwaka mmoja na miezi minane. Kabongo alisema hakuna mtu atakayempekua mtoto.

Treni ya Jumapili haikuja. Walilala kituoni siku nne, chini ya turubai ya wamisionari, na choo kimoja kwa watu wasiohesabika. Walikula zile milioni kumi za kwanza. Zilizoshonwa hawakuzigusa. Zile zilikuwa za kuanzia kule. Siku ya tatu surua iliingia kwenye turubai, na siku ya nne Kanku alikuwa na macho mekundu.

Njia ilichukua siku sita. Behewa lilikuwa la mizigo, milango wazi, watu wamekaa juu ya miguu ya watu. Bukama walipata maji. Kamina, vijana wa huko waliwarushia mawe, na Kabongo alilala juu ya Blandine na mtoto mpaka treni ikaondoka. Kanku aliacha kulia baada ya Kamina. Blandine alifikiri amepata nafuu.

*

Mwene-Ditu waliwekwa kwenye uwanja wa shule. Blandine alikwenda kumtafuta mjomba. Tshibola alimfunua mtoto, akamwona midomo ilivyokauka, akamchukua, yeye na Kabongo, mpaka kwenye dispansari nyuma ya kanisa. Muuguzi alimgusa Kanku tumbo, akavuta ngozi na kuitazama jinsi inavyorudi polepole. Alitaka kumwekea serumu ya mshipani pale pale. Dawa ilitoka duka la jirani, na duka lilitaka kulipwa kwanza: milioni nane.

Tshibola alifumua uzi kwa meno. Kabongo aliweka noti mbili mezani, akangoja chenji.

Muuguzi hakuzigusa. “Hizi hapana, tata,” alisema, kwanza kwa Kiluba, kisha, alipoona hawakuelewa vizuri, kwa Kiswahili cha kubahatisha. “Hapa hatutumii hizi. Mkoa mzima.”

“Ni za Banque,” Kabongo alisema.

“Najua. Nikizipokea, kesho duka la dawa halinipi kitu.” Alikuwa mwanamke wa umri wa Blandine, na alikuwa ameona haya. Alisema kuna watu sokoni ambao huzibadilisha, aende haraka.

Kabongo alikwenda na noti zote mkononi. Muuza sabuni aliita wenzake waje waone. Muuza mafuta alimwambia azipeleke alikozitoa. Kiluba cha Kabongo kilikuwa cha nyumbani, cha baba yake, kilichojaa maneno ya Kiswahili, na kila alipofungua kinywa watu walijua.

“Bena Katanga wamefika na karatasi zao,” mtu mmoja alisema, na watu wakacheka, si kwa ubaya sana.

Kabongo alisimama kidogo aliposikia hilo jina, watu wa Katanga. Wiki mbili zilizotangulia alikuwa amefukuzwa kwa sababu ya kuwa mtu wa hapa.

Mbadilishaji alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki karibu na malori. Alinunua noti mpya ili awauzie madereva waliorudi Katanga. Alitaja bei: laki tano kwa kila noti. Sehemu moja katika kumi. Kwa noti zote ishirini na sita, milioni kumi na tatu.

Kabongo hakukubali. Alifikiri amesikia vibaya, kisha alifikiri huyu ni mwizi, na kwamba mbele kutakuwa na mtu mwingine. Alimwambia kwamba hizi ni za miaka saba, za mke wake, meka kwa meka. Mbadilishaji alisema anaelewa, na akafungua gazeti. Kabongo akaondoka. Alilizunguka soko lote. Alikwenda mpaka kwa mapadre, akaambiwa padre mhasibu amesafiri. Alikwenda kwa Mhindi wa vitambaa, aliyemwonyesha tangazo ukutani la kuzikataa. Jua lilikuwa limepita utosini aliporudi kwenye malori. Mbadilishaji sasa alitaja laki nne, kwa sababu treni nyingine ilikuwa inakuja, alisema, na noti zitakuwa nyingi. Kabongo alimpa noti ishirini, akapokea milioni nane, akakimbia. Alikuwa na miaka hamsini na tatu na mapafu ya mgodi, na ilimbidi asimame mara mbili.

Tshibola alikuwa ameketi nje, kwenye benchi. Muuguzi alikuwa ameketi kando yake na mkono wake begani mwa Tshibola. Kikwembe mapajani mwake kilikuwa kimefungwa vizuri, mpaka juu ya uso wa mtoto.

Kabongo alisimama mbele yao na rundo la noti ndogo kifuani.

“Zimefika nane,” alisema. “Nimepata nane.”

“Kaa, tata ya Blandine,” Tshibola alimwambia.

Alikaa. Muuguzi aliingia ndani ili wasimwone. Tshibola aliuliza mbadilishaji alikuwa ametaja ngapi mara ya kwanza. Kabongo alimwambia, laki tano. Tshibola alikaza kifundo cha kikwembe. Hakulitaja tena jambo hilo siku hiyo wala siku nyingine. Kabongo alikuwa akilala ameelekea ukutani, akingoja alitaje.

*

Kolwezi, mwisho wa mwezi, kopeki ilifanya mkutano wake katika jumba la parokia. Kabamba alisoma hesabu. Alisema kwamba benki nyingi na maduka mengi yameanguka mwaka huu, lakini kopeki haikuanguka. Hakuna mwanachama hata mmoja, wa hapa wala wa kule, ambaye hakulipwa. Watu walipiga makofi. Wafanyakazi kumi na wanne ambao zamani waliweka pesa benki ya mjini walikuja mbele kufungua vitabu, kwa sababu walikuwa wametafuta nyumba ambayo haitikisiki.

Mtu mmoja alisimama akataka mtunza fedha apigiwe makofi peke yake. Séraphin aliinuka kidogo kwenye kiti, akaketi. Mado, aliyekuwa safu ya tatu, alimtazama kwa fahari, kisha akaendelea kumtazama, na makofi yake yakapungua kabla ya ya wengine.

*

Treni ya pili iliingia Mwene-Ditu Jumanne, saa tano za asubuhi. Tshibola alikuwepo. Kila siku tangu mazishi alikuwa akija kituoni na ndoo ya maji na kikombe, kwa sababu alijua watu wanashuka na koo gani. Kabongo alikuwa amemwomba asiende. Alimuuliza atawaambia nini. Tshibola alisema hajui.

Mabehewa yalifunguliwa. Wa kwanza kushuka walikuwa wazee, wakashikwa makwapa. Kisha aliona kikwembe anachokijua, na kingine, na kingine. Soko la Musonoi lilikuwa linashuka. Walikuwa thelathini au zaidi, wamekonda, nywele zimejaa masizi. Walitazama huku na huku kama watu waliotupwa mahali ambapo hakuna anayejua majina yao, mpaka mmoja akamwona.

“Ni mama Tshibola,” alisema. “Iko hapa.”

Wote wakaja kwake. Walimshika mikono, nguo, mabega. Waliongea kwa pamoja, na alisikia kwamba mama mzee hakufika, alibaki kando ya reli karibu na Luputa. Ndaya aliwapita wengine akamkumbatia kwa nguvu, na Tshibola alihisi kitu kigumu, bapa, chini ya blauzi yake, kilichofungwa kwenye mbavu.

“Ninazo,” Ndaya alimnong'oneza sikioni. Alikuwa anacheka na kulia. “Zote. Hata moja haikuibiwa. Kule Kamina bamama bengine balitaka kununua samaki ku bavijana ba kule, mi nikabakataza. Nilibaambia, musiguse, hizi ni za kule, ni mama Tshibola alituambia.”

Tshibola alichota maji akampa. Ndaya alikunywa kikombe chote bila kupumua, akajifuta kinywa, akamtazama vizuri, na mgongo wake, na mikono yake.

“Kanku iko wapi?” aliuliza. “Unipe kwanza nimubebe.”

Nyuma ya Ndaya wengine walikuwa wanangoja zamu yao ya maji. Tshibola alipokea kikombe, akainama kwenye ndoo, akakijaza tena.